Ya zamani au mpya? Ulinganisho wa mashine za kukatia nyasi kwa bustani za Tanga

Masika yakishika Tanga, ukoka wa Raskazone na Bombo haumsubiri mtu. Acha wiki mbili tu, uwanja unageuka pori, na mashine iliyolala stoo tangu vuli inavutwa kamba mpaka bega linauma. Hapo linakuja swali ambalo kila fundi wa injini ndogo pale Ngamiani amelizoea: nitengeneze hii ya zamani, au niachane nayo ninunue mpya?

Majibu ya haraka ni mawili. Fundi atakwambia za zamani ni chuma, za sasa ni plastiki. Muuza duka atakwambia za zamani zinabugia mafuta na spea zake zimekwisha. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hakuna linalotosha kumfanya mtu atoe pesa yake. Mimi nashikilia kwamba mwaka wa kutengenezwa si kipimo. Kipimo ni kama mashine inafunguka na kufungika tena bila kuharibika, na kama sehemu zinazosuguana zimewekewa madini yanayostahimili. Zipo za zamani zinazofeli hapo, na zipo mpya zinazofaulu vizuri.

"Zamani" ni ipi hasa?

Mashine ya kukatia nyasi yenyewe ni kongwe. Mwingereza Edwin Budding aliisajili kama uvumbuzi wake mwaka 1830, akiiga mashine ya kiwandani iliyokuwa ikipunguza manyoya ya juu ya kitambaa cha sufu. Hizi tulizozizoea, zenye kisu kimoja kinachozunguka chini kama pangaboi, zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Victa ya Australia, kwa mfano, ilianza mwaka 1952.

Kwa hapa kwetu mtu akisema "ya zamani" huwa anamaanisha mashine ya miaka ya 1970 hadi 1990, mara nyingi yenye injini ya Briggs & Stratton ya valvu za ubavuni, iliyotoka stoo ya shule, misheni au shamba la mkonge, au iliyoshushwa na kontena la mtumba. Na "mpya" nazo haziko sawa. Ipo iliyoundwa kwa ajili ya nyumba, ipo iliyoundwa kwa kazi ya kutwa, na ipo iliyoundwa ili ionekane nzuri dukani. Anayeziweka zote kapu moja atajuta.

Jambo jingine la kukumbuka kabla hatujaenda mbali: mashine za zamani tunazoziona leo ni zile zilizopona. Zilizokuwa mbovu zilishakufa na kuuzwa vyuma chakavu, kwa hiyo hatuzihesabu tunaposifu kazi ya zamani.

Injini: hapa ndipo penye maneno

Injini ya valvu za ubavuni ni kitu cha heshima kwa fundi. Valvu zimekaa pembeni ya silinda, na kichwa cha juu ni kama kifuniko tu. Unafungua boliti, unakwangua masizi, unasaga valvu kwa poda ya kusagia, unaweka gasketi mpya, unafunga. Fundi mwenye spana za kawaida na utulivu anaimaliza asubuhi moja. Hakuna mkanda wa ndani, hakuna kitu kilichogandishwa kwa kingine.

Udhaifu wake upo pia, na ni wa kimaumbile. Mgandamizo wake ni mdogo, karibu 6 kwa 1, wakati injini ya valvu za juu, yaani zilizokaa kwenye kichwa cha silinda, hufika 8 kwa 1 na zaidi. Maana yake petroli ile ile inafanya kazi kidogo. Mwenye uwanja mdogo hatahisi sana, lakini anayekata viwanja vya watu kwa malipo ataona tofauti kwenye galoni lake kila wiki. Halafu nafasi ya valvu: kwenye injini ya ubavuni ikibana, lazima uitoe valvu na kuisaga mkia wake kidogo kidogo, ukikosea umeharibu. Kwenye valvu za juu unalegeza nati, unaingiza fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, unakaza. Ukiwa na GX160 ya Honda, injini inayojulikana mno hapa nchini kwa sababu ya pampu za maji, kipimo ni milimita 0.15 upande wa kuingiza na 0.20 upande wa kutoa moshi, na kazi imekwisha. Kwa hiyo anayesema ya zamani ni rahisi kutengeneza katika kila kitu hajawahi kusaga mkia wa valvu.

Sasa twende kwenye silinda, maana hapo ndipo uhai wa injini ulipo. Injini nyingi ndogo zina bloku la alumini. Zilizo imara zimewekewa ndani slivu, yaani bomba linalobeba pistoni, ya chuma cha kumimina, kile mafundi wanachokiita kasti. Za bei nafuu pistoni inateleza moja kwa moja juu ya alumini. Wengi wanadhani huu ni ujanja wa siku hizi, lakini sivyo. Briggs & Stratton walikuwa wakitengeneza injini za alumini tupu, zenye pistoni iliyopakwa kromu, tangu miaka ya 1950, na waliuza kwa wingi sana. Injini hizo zilifanya kazi vizuri kwa mwenye kubadili oili, na zilikufa mapema kwa asiyebadili. Wakati huo huo walikuwa na toleo lenye slivu ya kasti, kwa anayetaka kudumu nayo.

Kujua unachonunua, beba sumaku ndogo. Kichwa kikiwa kimefunguliwa, igusishe kwenye ukuta wa silinda. Ikinasa, hiyo ni kasti. Isiponasa, ni alumini. Sumaku haidanganyi kama rangi na stika. Slivu ya kasti ikichakaa inaweza kuchongwa upana na kuwekewa pistoni kubwa kidogo, ilimradi pistoni hiyo ipatikane. Alumini iliyochanika kwa kukosa oili huwa haikulipi gharama ya kuifufua.

Kwa upande wa mpya, herufi zilizoandikwa kwenye injini ya Honda zinasema mengi kuliko muuzaji. GXV ni ya kazi: ina slivu ya kasti na kichwa chake kinatoka. GCV ni ya nyumbani: silinda na kichwa vimemiminwa kipande kimoja, na valvu zinaendeshwa na mkanda unaozunguka ndani ya injini. GCV si mbaya. Haiwezi kuunguza gasketi ya kichwa kwa sababu haina, inawaka kwa mvuto mwepesi, na inatumia mafuta kidogo. Lakini valvu zikiharibika lazima uipasue injini nzima kuzifikia, na wengi huishia kuibadilisha yote. Ninamshauri mtu wa shule au hoteli achukue GXV hata kama bei inamkera, na mtu wa nyumba asiogope GCV.

Bodi na hewa ya bahari

Kwa Tanga nadhani hili lina uzito kuliko injini, ingawa watu hulipita. Bodi, lile gamba linalofunika kisu, hulowa nyasi mbichi kila unapokata. Nyasi zikiganda pale chini zinashika unyevu, na hewa yetu ya chumvi inamalizia. Nyumba iliyo jirani na bahari Raskazone au Sahare inaweza kula bodi ya bati kabla injini haijazeeka, wakati mashine ile ile ikiwa Pongwe au Muheza ingekaa muda mrefu zaidi.

Hapa za zamani zina alama ya wazi. Bati lao lilikuwa nene, na hata likitoboka fundi wa kuchomea ana mahali pa kushikia. Mpya nyingi za nyumbani zina bati jembamba lililokandamizwa na kupakwa rangi, likichubuka tu kutu inaingia chini ya rangi na kutembea kimyakimya. Ukija kuliona, pale gurudumu linapofungwa pameshakuwa ungaunga na hapachomeleki.

Alumini ya kumimina ndiyo ninayoipenda kwa pwani, iwe ya zamani au mpya. Haishiki kutu nyekundu. Ila ina adui mmoja: mahali boliti ya chuma inapoingia kwenye alumini, chumvi ikiwepo, alumini inaliwa na kutoa unga mweupe, na boliti inanata kiasi cha kukatika ukiilazimisha. Dawa ni kupaka grisi kwenye nyuzi za kila boliti unapofunga. Fundi asiyefanya hivyo anamtesa fundi atakayemfuata.

Bodi za plastiki ngumu zimekuja na zinakejeliwa bure. Chumvi haizifanyi kitu. Kinachoziua ni jua na mawe: zikiachwa uani mchana kutwa zinakauka na kupasuka, na plastiki iliyopasuka huwezi kuichomea pale Makorora. Anayekaa ufukweni na ana stoo yenye kivuli atafaidika nayo. Asiye na stoo asiiguse.

Na mashine yoyote ile, usiioshe kwa mpira wa maji kisha ukaiingiza stoo ikiwa mbichi. Kwangua nyasi kwa kipande cha mbao, futa, paka oili chafu kidogo chini ya bodi. Ukiilaza, laza upande ambao plagi na filta ya hewa vinatazama juu, la sivyo oili itaingia kwenye filta na kesho utadhani kabureta imekufa.

Cheche na kabureta

Injini za kabla ya miaka ya 1980 zilitumia platini na kondensa, vifaa vya kutengeneza cheche, chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini. Unyevu wa Tanga hauzipendi kabisa. Zikikaa miezi miwili platini zinafanya ukungu mwembamba na cheche inapotea, ingawa kuzisugua kwa msasa laini na kurudisha nafasi ya nusu milimita kunazirudisha. Briggs & Stratton walipoingiza koili ya elektroniki mwaka 1982, usumbufu huo ukaisha, na koili hiyo inafungwa hata kwenye nyingi za zamani. Hili ni badiliko ambalo sioni sababu ya kulililia. Kama una mashine nzuri ya platini, ibadilishe.

Kwenye kabureta mambo ni kinyume. Za zamani zilikuwa za chuma na zilikuwa na skrubu ya kurekebisha mchanganyiko. Marekani ilipoanza kubana moshi wa injini ndogo, kuanzia matoleo ya mwaka 1997, skrubu hizo zikaondolewa au kuzibwa, jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli, ikawa ya kipimo kimoja na tundu lake likawa dogo. Hewa ilipona, lakini petroli iliyokaa tangu vuli inaacha utando unaoziba tundu hilo kwanza. Zipo pia kabureta za plastiki, ambazo ukizipeleka kwenye kimiminika kikali cha kusafishia zinapinda. Kwa hizi kinga ndiyo matibabu: mvua ikikata, mwaga petroli yote, washa mpaka izime yenyewe, ndipo uiweke. Ukilazimika kuzibua jeti tumia uzi mmoja wa waya wa shaba, usitumie sindano.

Kii ndogo inayosingiziwa mashine nzima

Hili linahusu za zamani na mpya kwa pamoja, na linawafanya watu watupe mashine nzima. Mama mmoja wa Chumbageni alileta mashine iliyokuwa imeshabadilishiwa plagi na kabureta kwingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hili likuukuu limenichosha. Nikivuta kamba linanirudishia mkono. Nambie tu kama niliuze chuma chakavu."

"Mama, hivi karibuni liligonga kitu?"

"Liligonga jiwe kule nyuma, penye mnazi."

Ilikuwa kii. Kati ya flaiwili na krenki, ule mhimili wa injini unaozungusha kisu, kuna kipande kidogo cha madini laini, kimewekwa makusudi kikatike kisu kinapogonga jiwe. Kikikatika au kusogea kidogo tu, cheche inatokea wakati usio wake: injini inagoma, inapiga kelele nyuma au inarudisha kamba kwa nguvu. Bustani zetu za pwani zina mawe ya matumbawe yaliyojificha na mizizi ya minazi, kwa hiyo tatizo hili halitatuacha. Kii ni kitu cha bei ndogo. Kosa kubwa ni kuchonga msumari ukaweka badala yake. Safari nyingine msumari hautakatika, na pigo lote litaingia kwenye krenki. Krenki ikipinda mashine inatetemeka mpaka boliti zinalegea, na kuinyoosha kwa nyundo ni kucheza na kisu kinachozunguka kwa kasi karibu na miguu yako.

Usalama: mpya inashinda, hakuna mjadala

Tangu katikati ya mwaka 1982, mashine za kusukuma kwa mkono zinazouzwa kwa wenye nyumba Marekani lazima kisu chake kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya mtu kuachia mpini. Ndiyo sababu mpya zina kile kishikio cha pili unachokibana muda wote. Za kabla ya hapo unaachia mpini na kisu kinaendelea. Nyumba yenye watoto wanaokimbia uani, hilo pekee linatosha kuamua. Nimeona wakata nyasi wakikifunga kishikio kwa waya ili wapumzishe vidole. Mwenye nyumba ukiona hivyo, kata huo waya siku hiyo hiyo.

Spea

Spea za Briggs za valvu za ubavuni bado zinapatikana kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu injini zenyewe zilitengenezwa kwa miongo mingi bila kubadilika sana. Ringi, gasketi, kiwambo cha kabureta na koili utavipata Kariakoo na kupakiwa kwenye basi la Tanga. Kampuni yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwezi Julai 2020, ikanunuliwa mwezi Septemba mwaka huo huo na inaendelea. Honda nao walisimamisha mwaka 2023 utengenezaji wa mashine za petroli za kukatia nyasi kwa soko la Marekani, ingawa injini zao bado zinatengenezwa. Kwa hiyo ukiuziwa Honda ya Marekani kama "mpya kabisa", uliza mwaka.

Tahadhari moja: spea za injini ya pampu ya maji zimejaa kila duka, lakini krenki ya pampu imelala na ya mashine ya nyasi imesimama wima. Bloku na krenki haviingiliani hata kama muuzaji ataapa.

Mashine za betri nazipita haraka. Hazina kelele, hazina oili, na kwa uwanja mdogo zinafaa. Lakini betri ikichoka au bodi ya elektroniki ikila chumvi, unategemea duka lililokuuzia. Na kwa kipande cha ukoka cha hatua chache mbele ya baraza, ile ya kusukuma kwa mkono yenye visu vya rola, hasa ya kasti ya zamani, inakata vizuri kuliko zote, ilimradi nyasi hujaziacha zikarefuka.

Nani achukue ipi

Mwenye nyumba ya kawaida Nguvumali au Majani Mapana, anayekata mara mbili kwa mwezi na ana fundi anayemwamini, atengeneze ya zamani kama krenki haijapinda na bodi bado ina chuma. Aifungie koili ya elektroniki na awe na nidhamu ya kuzima kabla ya kuachia mpini. Mwenye watoto wadogo achukue mpya ya valvu za juu. Shule, hoteli na wanaokata kwa malipo wasihangaike na mpya za nyumbani hata zikiwa zinang'aa. Watafute ya daraja la kazi, mpya au mtumba wa miaka ya 1990 na kuendelea, yenye slivu ya kasti na bodi ya alumini. Hiyo ya mtumba ndiyo ninayoiona bora kuliko zote kwa mji huu: ina koili isiyo na platini, chuma cha kutosha, na valvu zinazorekebishika kwa spana.

Kabla hujatoa pesa, kwenye Briggs tafuta namba zilizogongwa kwenye bati la injini. Katika ile iliyoandikwa "Code", tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka, mbili zinazofuata ni mwezi, na mbili nyingine ni siku. Inayoanza na 960412 ilitengenezwa tarehe 12 Aprili 1996, muuzaji aseme asemavyo. Toa waya wa plagi, zungusha kisu taratibu kwa mkono uliovaa glavu, na utazame ncha ya krenki. Ikiyumba, ondoka. Chomoa kijiti cha oili unuse: ikinuka petroli, kabureta inavuja kuingia ndani. Kisha rudisha waya, washa, uiache ikate nyasi robo saa. Moshi wa bluu usiokoma ni ringi au valvu, mweusi ni petroli nyingi. Izime ikiwa moto, subiri dakika chache, vuta kamba tena. Ikigoma ikiwa moto na kuwaka ikipoa, mshukiwa wa kwanza ni koili, na bei ya koili ipunguzwe hapo hapo kabla hujaipakia kwenye guta.